Samuel Wanjiru: mkimbiaji aliyerudi darasani kwa nguvu za miguu yake

Tarehe 24 Agosti 2008 kulikuwa na joto jijini Beijing. Katika marathoni ya wanaume ya Olimpiki, wengi walitarajia wakimbiaji waanze taratibu ili kutunza nguvu. Kijana Mkenya wa miaka 21, Samuel Kamau Wanjiru, alianza kwa kasi na hakulegeza. Alimaliza kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32. Rekodi ya Olimpiki ya Carlos Lopes wa Ureno, iliyodumu tangu 1984, aliishusha kwa karibu dakika tatu. Akawa Mkenya wa kwanza kutwaa dhahabu ya marathoni ya Olimpiki.

Wanjiru alizaliwa tarehe 10 Novemba 1986 huko Nyahururu, mji wa nyanda za juu nchini Kenya. Alilelewa na mama yake katika maisha ya shida, na Wanjiru ni jina la mama huyo. Ada ilipokosekana, masomo yalikatika akiwa bado mtoto. Kilichobaki mikononi mwake ni mbio, na mbio ndizo zilizomrudisha darasani.

Mwaka 2002, akiwa na miaka 15, alipata ufadhili wa kusoma sekondari ya Sendai Ikuei nchini Japani. Shule hiyo ilikuwa imeshawahi kupokea wakimbiaji wengine kutoka Kenya. Miguu yake ilikuwa tayari, lakini mambo mengine yalibidi kujifunza upya. Lugha ilikuwa ngeni, maandishi mageni, chakula kigeni, na mama alikuwa mbali. Alijitahidi hadi akazungumza Kijapani vizuri.

Pale shuleni alijifunza pia kukimbia kwa ajili ya wenzake. Wajapani wanapenda sana ekiden, mbio za barabarani za kupokezana mshipi badala ya kijiti. Katika mashindano ya taifa ya sekondari, wavulana saba hugawana kilomita 42.195. Mmoja akizembea, wenzake sita wanaumia. Akiwa na Wanjiru, Sendai Ikuei ilitwaa ubingwa wa taifa.

Alimaliza shule mwaka 2005 na kuajiriwa katika timu ya kampuni ya Toyota Kyushu. Kocha wake alikuwa Koichi Morishita, mshindi wa medali ya fedha ya marathoni katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992. Mwaka huohuo, akiwa na miaka 18, aliweka rekodi ya dunia ya nusu marathoni kwa dakika 59 na sekunde 16. Mwaka 2007 aliishusha hadi dakika 58 na sekunde 33.

Mwaka 2008 aliachana na kampuni hiyo. Alishinda London mwaka 2009, na Chicago mwaka 2009 na 2010. Mara mbili alipata zawadi ya dola 500,000 ya mfululizo wa marathoni kubwa za dunia. Alikuwa na fedha nyingi na jina kubwa, na umri wake haukuwa umefika hata miaka 25. Kengele ya shule na ratiba ya kampuni havikuwepo tena. Maisha nje ya mbio aliyapanga mwenyewe. Magazeti yakaanza kuandika kuhusu ulevi na migogoro ya nyumbani. Tarehe 15 Mei 2011 alianguka kutoka ghorofani nyumbani kwake Nyahururu, akafariki akiwa na miaka 24. Namna alivyoanguka ilibishaniwa kwa muda mrefu.

Kwa mzazi wa Nyakanazi, Lusahunga au Ngara ambaye mtoto wake anang'ara katika UMITASHUMTA au UMISSETA, maisha haya yana jambo la kuzingatia. Mbio zinaweza kufungua mlango wa shule, lakini mtoto anahitaji kuandaliwa kwa yale yaliyo ndani ya mlango huo. Vyuo vya Marekani, kwa mfano, humtaka mwanariadha awe na ufaulu wa sekondari na Kiingereza cha kutosha. Akishaingia chuoni, akishuka sana katika masomo husimamishwa kushindana, hata kama ndiye mwenye kasi kuliko wote.

Suleiman Nyambui wa mkoani Mara alipita njia hiyo. Alisoma Chuo Kikuu cha Texas huko El Paso, akashinda medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, na baadaye akawa kocha.

Basi, anapotokea mtu na ahadi ya ufadhili, muulize mambo manne. Mtoto atasoma nini? Atafundishwa kwa lugha gani? Akiumia mguu, masomo yataendelea? Na fedha zikianza kuingia, nani atamfundisha kuzitunza? Wanjiru aliondoka kwao na miaka 15 tu. Maswali hayo yaulizwe kabla mtoto hajapanda basi.