Griffin, Mlezi wa Wasio na Mlezi

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Je, yule asiye na wa kumlea atakuaje? Ndugu msomaji, swali hilo lilimshughulisha marehemu Dkt. Geoffrey William Griffin karibu maisha yake yote, na ndiyo maana nimeona vyema nikusimulie habari zake.

Griffin alizaliwa Eldoret tarehe 13 Juni 1933, mtoto wa Kizungu katika Kenya ya wakoloni. Alisoma katika shule ya Prince of Wales, ambayo leo tunaiita Nairobi School. Hakuendelea hadi chuo kikuu. Alifanya kazi katika idara ya upimaji ardhi, kisha akaingia jeshi la King's African Rifles. Wakati huo Hali ya Hatari ilikuwa imekwisha kutangazwa, Oktoba 1952, na jeshi hilo lilikuwa likipigana na Mau Mau. Basi Griffin alianzia upande wa wale waliowasaka wapigania uhuru wetu. Ni vyema tulijue hilo, ndipo tuelewe yaliyofuata.

Vita vile viliacha watoto wengi bila kwao. Kuna waliofiwa na wazazi na kuna ambao wazazi wao walitiwa kizuizini. Wavulana wengine walikamatwa wao wenyewe, wakafungiwa kambini Manyani pamoja na watu wazima. Griffin aliacha jeshi, akachukua kazi ya kuwaangalia wavulana hao. Baadaye walihamishiwa Wamumu, kule Mwea, wakapewa masomo, kazi za mikono na michezo. Watu wengi waliwaona kuwa wahalifu wasiofaa kitu. Kumbe walipopata mtu wa kuwaamini, wengi walibadilika!

Jijini Nairobi nako chokoraa walikuwa wengi, wakilala vichochoroni na kuokota chakula mapipani. Polisi waliwakamata ili warudishwe makwao. Lakini kwao wapi? Tarehe 14 Novemba 1959, Griffin pamoja na wenzake wawili, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, walifungua kituo cha kuwaokoa watoto hao. Walianza na vibanda viwili tu vya mabati, walivyopewa na kampuni za mafuta za Shell na BP. Mtaa wenyewe uliitwa Starehe, nacho kituo kikachukua jina hilo.

Mwanzoni watoto walihitaji chakula, nguo na mahali pa kulala. Lakini tumbo likishiba, moyo bado unauliza, mimi ni wa nani? Griffin alilijua hilo. Alianzisha baraza, ambamo wavulana walisimama mbele ya mkurugenzi na kusema lililowaudhi, hata kama linahusu wakubwa, wala hawakuadhibiwa. Wavulana wenyewe ndio waliosimamia sehemu kubwa ya nidhamu ya shule. Hebu fikiria, mwanafunzi mwenzangu, mtoto aliyefukuzwa kila mlango sasa anaulizwa maoni yake! Wengi wao hawakulipa karo hata senti moja, na waliojiweza walilipa kadiri ya uwezo wao.

Baada ya uhuru, mwaka wa 1964, Griffin alipewa kazi ya kuongoza Huduma ya Vijana kwa Taifa, nayo akaifanya hadi 1988. Hata hivyo hakuiacha Starehe. Kutoka vibanda viwili ikawa shule kubwa, na kwa miaka mingi ilikuwa miongoni mwa zile zinazoongoza katika mitihani ya kitaifa. Matajiri nao wakatamani watoto wao wasome na watoto wa maskini! Januari 2005 Starehe ya wasichana ilifunguliwa. Tarehe 28 Juni mwaka huohuo Griffin aliaga dunia, akiwa na umri wa miaka 72. Alizikwa palepale shuleni, kati ya watoto wake.

Ukweli ni kwamba Starehe haingeweza kuwachukua wote. Kadiri ilivyosifika ndivyo waombaji walivyozidi, na nafasi za sekondari zikawaendea maskini waliofanya vizuri katika mtihani. Je, yatima ambaye hakupita mtihani aende wapi? Hapo ndipo kazi inapotufikia sisi. Hapa Birongo mtoto akifiwa, mara nyingi nyanya au baba mdogo humchukua. Hiyo ni desturi njema. Lakini kumchukua tu hakutoshi, ikiwa kila siku anakumbushwa kwamba anakula cha wenyewe, au huku darasani tunamcheka kwa sare iliyochakaa.

Sisi ni watu wa migomba. Tunajua kwamba mgomba mkuu ukikatwa, machipukizi hubaki. Chipukizi likitupwa njiani hukauka, lakini likipandwa penye mbolea huzaa ndizi kama mengine, wala hakuna alaye ndizi akauliza mama yake ni upi. Griffin alipanda. Nasi tupande.