ALFRED BÜCHI, MTU ALIYEIPA MOTERI PUMZI

Kila shofere wa kamio anajua neno turbo. Lakini ni wachache wanaojua jina la mtu aliyeifikiri kwanza. Jina lake ni Alfred Büchi.

Büchi alizaliwa mwaka 1879 katika mji wa Winterthur, inchi ya Uswisi. Baba yake alikuwa mkubwa katika kiwanda cha Sulzer, kiwanda cha mashini kinachojulikana sana. Mwaka 1899 kijana aliingia chuo kikuu cha ufundi cha Zurich, akamaliza mwaka 1903. Kisha akaenda kufanya kazi Ubelgiji na Uingereza.

Jambo moja lilimsumbua. Moteri ikichoma mafuta, karibu sehemu moja katika tatu ya nguvu ya mafuta yale inatoka bure kwa bomba la moshi. Kwa nini kuitupa? Büchi akawaza hivi: tuweke gurudumu dogo katika njia ya moshi. Moshi ulizungushe, nalo lizungushe gurudumu la pili linalosukuma hewa ndani ya silinda. Hewa ikizidi, mafuta mengi zaidi yanaweza kuungua, na moteri ileile inatoa nguvu kubwa kuliko mbele. Tarehe 16 Novemba 1905 aliandikisha wazo hilo kule Ujerumani. Alikuwa na miaka 26 tu.

Lakini wazo ni moja, kazi ni nyingine. Mwaka 1909 alikuwa Sulzer, na tangu 1911 alipata pahali pa kufanya majaribio. Mwaka 1915 moteri yake ya kwanza ya majaribio haikufaulu. Vyuma vya siku zile havikuvumilia moto wa moshi. Miaka ikapita, na wengine wakatangulia: Mfaransa Auguste Rateau alitia turbo kwa moteri ya ndege wakati wa vita, na mwaka 1918 Mwamerika Sanford Moss alijaribu ya kwake juu ya mlima Pikes Peak, pahali ambapo hewa ni kidogo. Büchi hakuacha.

Mwaka 1925 alipata ufunguo. Aligawa mabomba ya moshi, ili pumzi ya silinda moja isizuie pumzi ya nyingine. Tena aliacha mlango wa hewa na mlango wa moshi wazi pamoja kwa muda mfupi, ili hewa safi ifagie moshi uliobaki. Mara meli mbili za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zikapewa turbo. Kila moteri ilitoka nguvu za farasi 1.750 ikafika 2.500. Miaka ishirini ya kungoja ilikuwa imekwisha.

Sasa tuelewe vizuri kitu kinachoitwa mzigo wa moteri, kwani wengi wanauchanganya na mbio. Kamio inayoshuka mlima na kamio inayopanda zinaweza kuzungusha moteri mara 2.000 kwa dakika zote mbili. Mbio ya moteri ni moja, lakini mzigo si mmoja. Ile inayoshuka haiombi kitu. Ile inayopanda inaomba mafuta mengi, moshi wake una moto na nguvu, na turbo inazunguka kwa bidii. Ndiyo sababu turbo haisukumi sana gari likiwa limesimama, hata ukikanyaga: mzigo haupo.

Kwa hiyo fundi anayepanga moteri ya esansi yenye turbo asitazame mbio tu. Atazame pia mkazo wa hewa inayoingia. Hewa ya kawaida kando ya bahari ina mkazo wa karibu bar 1. Turbo ikiongeza bar 1 nyingine, silinda inapokea karibu hewa mara mbili, ikiwa hewa ile imepozwa. Hapo esansi nayo iongezwe, na cheche irudishwe nyuma kidogo. Asipofanya hivyo, moteri itagonga na pistoni zitatoboka. Kwa moteri ya mazuti ni kinyume: ukizidisha mazuti pasipo hewa ya kutosha, moshi mweusi unatoka na moto unazidi.

Mwaka 1938 kiwanda cha Saurer, kule kwao Uswisi, kilitoa kamio yenye turbo. Mwaka uleule chuo kikuu cha Zurich kilimpa Büchi udaktari wa heshima. Alikufa mwaka 1959. Magari madogo ya kwanza yenye turbo yaliuzwa Marekani mwaka 1962, hayo hakuyaona.

Basi, ndugu wanafunzi, mukisikia kamio ikipiga mluzi mlimani, mujue ni moshi unaofanya kazi. Mtu mmoja alikataa kuutupa bure, akangoja miaka ishirini.