Stradivari: Fundi aliyeacha alama yake kwenye kichwa cha fidla

JINA la Antonio Stradivari linapotajwa, wengi hukumbuka sauti tamu ya fidla na mamilioni ya dola yanayolipwa minadani. Ni wachache wanaokumbuka kwamba fundi huyo wa Cremona, mji ulioko kaskazini mwa Italia, alikuwa pia mchongaji hodari, na kwamba alama ya mkono wake hutafutwa hadi leo mahali pasipotoa sauti yoyote: kwenye kichwa cha ala, juu ya shingo.

Stradivari alizaliwa yapata mwaka wa 1644. Wakati huo Cremona ilikuwa tayari imejijengea sifa kutokana na ukoo wa Amati, uliotengeneza fidla kwa vizazi kadhaa. Kibandiko kilichomo ndani ya fidla yake ya mwaka wa 1666 kinamtaja kama mwanafunzi wa Nicolò Amati. Mwaka uliofuata alimwoa Francesca Feraboschi, na mnamo 1680 akanunua nyumba karibu na kanisa la San Domenico, iliyokuwa makao na karakana yake hadi kifo.

Kazi ya kuchonga kichwa cha fidla haina njia ya mkato. Fundi huanza na kipande cha mti mgumu wa mepo. Hupima kwa bikari, huchora mpindo kwa kufuata kielelezo, kisha hukata kwa msumeno na kumalizia kwa patasi zenye makali ya mviringo. Kichwa hujikunja mithili ya gamba la konokono, na pande zake mbili hazina budi kuwiana. Patasi ikiteleza mara moja tu, kipande chote hutupwa.

Stradivari hakutosheka na hayo. Kingo za mpindo alizipaka wino mweusi ili umbo lionekane wazi hata kwa mtu aliyeketi mbali. Katika ala nyingi wino huo umefutika kwa kushikwashikwa, lakini bado unaonekana kwenye fidla iitwayo Messiah ya mwaka wa 1716, ambayo imechezwa kwa nadra mno na sasa imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Ashmolean, Oxford, Uingereza.

Ala chache alizipamba zaidi. Katika fidla ya Hellier ya mwaka wa 1679, mbavu na kichwa vimejaa nakshi za mizabibu na maua. Alichimba mistari hiyo ndani ya mti, akaijaza rojo jeusi lililokauka na kuwa gumu, kisha akazungushia kingo vipande vidogo vya pembe za ndovu. Ala zake za namna hiyo zilizosalia ni takriban kumi na moja tu, ilhali inakadiriwa kwamba alitengeneza zaidi ya ala 1,000 maishani mwake, na zipatazo 650 bado zipo.

Miongoni mwa zile zilizopambwa ni fidla mbili, viola moja na cello moja zilizokusudiwa ufalme wa Uhispania. Stradivari hakuziona zikiondoka. Zilibaki karakanani hadi alipofariki, na ni mwanawe Paolo aliyeziuza baadaye. Leo zimo katika kasri la kifalme jijini Madrid.

Maisha yake ya nyumbani hayakukosa majonzi. Francesca alifariki mwaka wa 1698, naye akamwoa Antonia Zambelli mwaka wa 1699. Wanawe Francesco na Omobono walifanya kazi kando yake kwa miaka mingi, wakizeeka chini ya kivuli cha baba. Akiwa amepita umri wa miaka 90, mzee huyo alikuwa bado anashika patasi, na katika kibandiko cha mwaka wa 1736 alitaja umri wake kuwa miaka 92. Alifariki Desemba 18, 1737. Omobono alifuata mwaka wa 1742 na Francesco mwaka wa 1743, na karakana ikabaki bila mrithi wa ufundi.

Baada ya hapo ndipo kazi yake ilipopata pigo ambalo wasikilizaji wengi hawalijui. Kumbi za muziki zilipopanuka, wanamuziki walitaka sauti kubwa zaidi na nyuzi zilizokazwa zaidi. Shingo fupi alizozitengeneza Stradivari, ambazo zilipigiliwa misumari kwa ndani, hazikufaa tena. Katika karne ya 19 mafundi walizikata karibu zote, wakaweka nyingine ndefu na zilizoinama nyuma zaidi.

Hata hivyo, walipofika kwenye kichwa, mafundi hao walisita. Badala ya kukitupa, walikitenganisha kwa uangalifu na kukipachika juu ya shingo mpya. Hivyo sehemu iliyofanya kazi ikapotea, na pambo lisilotoa sauti likadumu. Viola moja ya mwaka wa 1690, iliyotengenezewa familia ya Medici na kuhifadhiwa Florence, ni miongoni mwa ala chache mno ambazo shingo yake ya asili ingalipo.

Kaburi lake halikubahatika vivyo hivyo. Kanisa la San Domenico lilibomolewa mwaka wa 1869 na mabaki yake yakachanganyika na ya wengine. Lakini vielelezo vyake vya karatasi na mbao, pamoja na michoro ya nakshi, vimo katika makumbusho ya fidla mjini Cremona. Na mwaka wa 2011, fidla yake ya Lady Blunt, ya mwaka wa 1721, ilipouzwa kwa dola milioni 15.9 kuwafaa waathiriwa wa tsunami nchini Japani, mkono wa fundi huyo ulikuwa bado unawasaidia watu karibu miaka 300 baada ya kuichonga.