Semmelweis, muganga aliyeomba wenzake wanawe mikono



Kila mtu aliyekuwa Beni, Butembo ao Kasindi kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, wakati wa Ebola, anakumbuka zile ndoo za maji ya klore. Wengi tulinung'unika: kunawa tena? Leo tunaeleza maisha ya mtu aliyeomba watu wanawe vile, karibu miaka 170 mbele yetu, na mambo yaliyomfikia.

Jina lake Ignaz Semmelweis. Alizaliwa tarehe 1 Julai 1818 huko Buda, leo sehemu ya mji wa Budapest, Hungaria. Baba yake alikuwa mtu wa duka. Alisomea uganga Vienna, na mwaka 1846 akapata kazi katika maternite ya hospitali kubwa ya mji ule.

Maternite ile ilikuwa na pande mbili. Upande mmoja walizalisha waganga na wanafunzi wao, upande mwingine wakunga. Mwaka 1846, kwa wamama 100 waliozalia kwa waganga, zaidi ya 11 walikufa na homa ya uzazi. Kwa wakunga hawakufika 3. Mji wote ulijua. Wamama walilia wasipelekwe kwa waganga. Wengine waliona heri kuzalia njiani. Na ile homa haikuchukua mama peke yake, watoto wachanga pia walikufa nayo.

Semmelweis akatafuta sababu. Je, ni msongamano? Hapana, kwa wakunga ndiko kulijaa zaidi. Machi 1847 rafiki yake, muganga Jakob Kolletschka, alichomwa na kisu wakati wa kupasua maiti. Akafa kwa ugonjwa uleule wa wamama. Hapo Semmelweis akaelewa. Waganga walipasua maiti, kisha wakaenda moja kwa moja kupima wamama. Wakunga hawakugusa maiti. Kifo kilipita katika mikono.

Mei 1847 akaamuru: hakuna kugusa mama mbele ya kunawa na maji ya klore. Aprili walikuwa wamekufa 18 kwa 100. Juni wakawa 2 tu, na Julai karibu 1.

Wakubwa wengi hawakufurahi. Ni vigumu muganga kukubali kwamba mikono yake mwenyewe ndiyo iliyoua. Na Semmelweis hakuwa na kidudu cha kuwaonyesha, alikuwa na hesabu tu. Mwaka 1849 akapoteza kazi, akarudi kwao. Katika hospitali ya Pest homa ikapungua vilevile. Lakini uchungu ulimzidi: aliandika barua akiwaita wenzake wauaji, na wengi wakazidi kufunga masikio. Mwaka 1865 alifungiwa katika nyumba ya wagonjwa wa akili, akapigwa na walinzi, kidonda kikaoza. Alikufa tarehe 13 Agosti, na miaka 47. Mwaka 1879 Louis Pasteur akaonyesha kidudu cha homa ile.

Tusidhani kunawa ni jambo la wazungu. Mwaka uleule wa 1879, huko Bunyoro, ng'ambo ya mpaka wetu, Robert Felkin aliona muganga wa kienyeji akimpasua mama ili kutoa mtoto. Mbele ya kukata, yule mtu alinawa mikono na pombe ya ndizi, akaosha na tumbo la mama.

Leo mashine zinatuonyesha vidudu. Ebola yenyewe ilionekana mwaka 1976 kwa mikroskopu ya elektroni. Lakini nyumbani hatuna mikroskopu. Tuna sabuni na maji, na hiyo inatosha kwa yule anayekuja kubeba mtoto mchanga, hata akitoka shamba, soko ao mazishi.

Basi, wanachama, mwambieni mgeni kwa heshima, siyo kwa ukali. Mpeni kwanza maji, kisha mtoto. Semmelweis alikuwa na haki, lakini hasira ilimnyima wa kumsikia.