Munganga Haldane na wafu wa Cornwall

John Scott Haldane alizaliwa Edinburgh mwaka wa 1860, katika jamaa ya mali. Alisomea unganga, lakini hakukaa kungojea wagonjwa matajiri. Alishuka chini ya udongo. Mwaka wa 1896 mgodi wa makaa wa Tylorstown, kule Wales, ulilipuka na kuua watu 57. Haldane aliangalia maiti, akaona ya kama wengi hawakuuawa na moto ao kishindo, ila na hewa ya sumu yenye inabakia nyuma. Aliivuta yeye mwenyewe ili ajue inafanya nini. Yeye njo alishauri wachimbaji washuke na panya ao kandege, sababu kanaanguka mbele ya mtu.

Lakini sisi wa sendika tunamkumbuka zaidi kwa Cornwall, kusini-magharibi ya Uingereza, kwenye walichimba bati. Mwaka wa 1902, mu mgodi wa Dolcoath, watu walikuwa wanaishiwa damu. Akakuta ni minyoo ya safura. Kule chini kulikuwa joto na maji, na vyoo hakuna, watu wanakanyaga uchafu. Choo tu!

Halafu kulikuwa vifo vya kifua. Kule Redruth na Camborne vijana walikuwa wanakufa, wengine wametoka kutumika mu migodi ya dhahabu ya Transvaal. Haldane na wenzake wawili hawakuhesabu tu wafu. Waliuliza kila marehemu alifanya kazi gani. Ripoti yao ya 1904 ilionyesha waziwazi: wale wa mashini ya kutoboa jiwe, karibu wote waliuawa na mapafu, na wengi hawakufika miaka 40. Ni vumbi la jiwe. Dawa yake ni maji, kumwagilia pale mashini inatoboa. Kama hawangeuliza ile kazi, wale vijana wangebakia wagonjwa wa kifua tu, na patron hana neno.

Hatumfanyi malaika. Tangu 1912 aliongoza maabara ya Doncaster, yenye ililipwa na wenye migodi ya makaa. Aliona vumbi la makaa halina hatari, na neno lake lilikuwa na uzito. Alikufa Oxford mwaka wa 1936, ametoka tu Uajemi kuchunguza wafanyakazi wa petroli wenye walianguka kwa joto. Wachimbaji wa makaa walingoja mpaka 1943 ndipo sheria ya Uingereza ikakubali kulipa mapafu yenye kuharibiwa na vumbi la makaa lenyewe.