Askofu William Vincent Lucas wa Masasi (1883–1945): Mlezi wa Vijana na Mwalimu wa Jamii

Injili katika nchi ya Kusini, kuanzia mwambao wa Lindi na Mikindani hadi bonde la mto Ruvuma, ilitangulizwa na watumishi wa makanisa mengine kabla ya Walutheri. Walutheri wengi walihamia huko baadaye, wakifuata kazi za shule, hospitali, serikali na bandari. Walikuta watu wenye desturi zilizokomaa, na Wakristo waliokwisha kushindana kwa miaka mingi na swali gumu: je, mtu akibatizwa, aendelee kuwa mtu wa jamii yake kwa namna gani? Aliyelishughulikia swali hilo kwa bidii kuliko wengi ni William Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Kianglikana ya Masasi. Ni vema maisha yake yakumbukwe katika kitabu cha miaka mia moja ya Usharika, kwa kuwa swali lake ni swali la kila usharika.

Lucas alizaliwa Uingereza mwaka 1883. Baada ya kupata upadrisho alijiunga na misheni ya UMCA, akatumwa Masasi, ambako alitumikia sehemu kubwa ya maisha yake. Masasi ilikuwa na historia ya machozi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliongoza kutoka Unguja kundi la watu waliokombolewa utumwani, akapitia Lindi hadi chini ya majabali ya Masasi, ili waanze kijiji cha Kikristo. Watu hao walitoka makabila mbalimbali. Wengi hawakuwa na ukoo wa kuwapokea wala wazee wa kuwafundisha. Mwaka 1882 kijiji kilivamiwa na Wangoni, na mwaka 1905, wakati wa Vita vya Maji Maji, misheni ilichomwa moto. Hivyo Lucas aliingia mahali ambapo Kanisa lilikwisha kujifunza kwa uchungu kwamba kukusanya watu mahali pamoja hakutoshi kuwafanya kuwa jamii.

Pande zote za Masasi waliishi Wayao, Wamakua na Wamakonde. Kwao ukoo hufuatwa kwa upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake. Jambo lililowafunga pamoja vijana, wazazi, walio hai na waliokufa lilikuwa jando kwa wavulana na unyago kwa wasichana. Wavulana walitengwa katika kumbi, wakatahiriwa na ngariba, wakakaa chini ya makungwi kwa majuma mengi. Huko walifundishwa kuvumilia maumivu, kuheshimu wakubwa, kutunza siri na kujua wajibu wa mume. Mababu waliombwa wawalinde. Aliyetoka kumbini alipewa jina jipya na kuhesabiwa kuwa mtu mzima. Ambaye hakupita huko aliendelea kuwa mtoto, hata angekuwa na ndevu. Kuoa kulikuwa taabu, na neno lake halikusikilizwa barazani.

Wamisionari waliotangulia walisitasita. Wengine waliwakataza Wakristo wasiwapeleke watoto wao, kwa sababu ya matambiko na mafundisho machafu yaliyochanganywa humo. Lakini katazo halikutii mtu. Wazazi waliwapeleka watoto kwa siri, au watoto walikwenda wenyewe. Zaidi ya hayo, katika miaka iliyofuata Maji Maji, Uislamu ulienea upesi kutoka mwambao kwenda bara, na jando nalo likachukua sura ya Kiislamu. Kwa Wayao wengi kutahiriwa kulikuwa sasa ni kuingia Uislamu. Kijana wa Kikristo alisimama kati ya njia mbili: abaki Kanisani akiwa mtoto milele machoni pa wenzake, au awe mtu mzima na kuliacha Kanisa.

Hapo ndipo Lucas alipoonyesha hekima yake. Alikaa na wazee, akasikiliza. Alitambua kwamba jando ni shule kamili, tena shule ambayo hakuna aliyehitimu akaisahau. Ndani yake jamii ilikabidhi kwa kizazi kipya namna yake ya kuuona ulimwengu: mtu ni nani, anatoka wapi, ana deni gani kwa wengine, na ni nani anayemlinda. Ukiiondoa shule hiyo bila kuweka nyingine, alifundisha, hutapata Mkristo safi zaidi. Utapata mtu aliyekatwa mizizi. Kwa hiyo alizipima desturi katika makundi matatu. Zilizo mbaya ziondolewe. Zisizo na ubaya wala wema ziachwe. Zilizo njema zihifadhiwe na kutakaswa kwa Injili. Mawazo hayo aliyaeleza katika insha iliyochapishwa Uingereza mwaka 1928, ikasomwa sana na watu wa misheni.

Kwa njia hiyo likazaliwa jando la Kikristo. Kumbi liliwekwa chini ya ulinzi wa padre na makungwi Wakristo, na msalaba ukawa alama yake. Usafi wa tohara uliangaliwa. Nyimbo na mafundisho ya aibu yaliondolewa, lakini mafundisho ya heshima, ujasiri na wajibu yalibaki, pamoja na sala za kila siku na mafundisho ya imani. Siku ya kutoka, wavulana wakiwa wamevaa nguo mpya, waliongozwa kwa shangwe hadi kanisani kumshukuru Mungu mbele ya jamaa zao.

Kazi hiyo haikuwa ya Mwingereza mmoja. Vita ilipoanza mwaka 1914, wamisionari Waingereza walitiwa kizuizini na Wajerumani, na mapadre na walimu Waafrika ndio walioshika Kanisa. Watu kama Padre Kolumba Msigala, aliyeacha kumbukumbu za maandishi kuhusu nyakati hizo, walizijua mila kutoka ndani. Bila wao askofu asingejua kipi cha kutunza na kipi cha kutupa. Mwaka 1926, miaka hamsini kamili tangu safari ya Steere, Masasi ilitengwa na Dayosisi ya Zanzibar, na Lucas akawa askofu wake wa kwanza.

Mafanikio yake yalikuwa na mipaka. Upande wa wasichana ulikuwa mgumu zaidi, kwa kuwa unyago ulikuwa mikononi mwa akina mama, ambao hawakuwa na sababu ya kuwafunulia mapadre siri zao. Wapo walioogopa kwamba mizimu imefunguliwa mlango wa nyuma. Wapo pia vijana waliosoma, ambao waliona kwamba dunia yao inabadilika na kwamba Mzungu anawarudisha walikotoka. Walutheri nao wangeuliza kuhusu maombi yanayowahusu marehemu, maana kwao Kristo peke yake ndiye mpatanishi.

Hata hivyo Walutheri hawawezi kumtazama Lucas kama mgeni. Wakati uleule, kule Old Moshi, Dakt. Bruno Gutmann wa Misheni ya Leipzig (1876–1966) alikuwa akijenga usharika juu ya vifungo vya ukoo, ujirani na rika, akisema kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyewapa Wachagga vifungo hivyo. Watumishi hao wawili, mmoja Kusini na mwingine Kaskazini, walifikia jambo moja. Nalo ni la kale kama Kanisa lenyewe: Paulo alimtahiri Timotheo kwa ajili ya Wayahudi (Matendo 16:3), lakini Tito hakulazimishwa kutahiriwa (Wagalatia 2:3), kwa sababu wokovu ni kwa neema. Desturi inaweza kuitumikia Injili. Haiwezi kuwa Injili.

Lucas alistaafu mwaka 1944, akafariki mwaka 1945. Jando la Kikristo liliendelea baada yake. Usharika unaoingia katika karne yake ya pili umepokea kutoka kwake swali lisilokwepeka: kama nyumba na Kanisa havimfundishi kijana kuwa mtu mzima, ni nani anayemfundisha, naye anamfundisha kumtazama Mungu na jirani kwa macho gani? Darasa la Kipaimara, lenye wazee wanaowajua vijana kwa majina na kuwasimamia hata baada ya siku ya madhabahuni, ndilo kumbi la Walutheri. Mungu na atukuzwe kwa ajili ya watumishi wake wote, wa kundi hili na wa makundi mengine, waliolima shamba lile lile moja.