Marie Curie: Aligundua radiamu, kisha akachangiwa fedha za kuinunua

MWAKA 1920 gramu moja ya radiamu ilikuwa na thamani ya takriban Dola 100,000 za Marekani. Marie Curie, aliyeigundua akiwa na mumewe Pierre, alikuwa tayari ameshinda Tuzo ya Nobel mara mbili, lakini hakuwa na uwezo wa kuinunua. Maabara yake ya Paris ilikuwa na gramu moja tu, na sehemu kubwa ya kazi ya gramu hiyo ilikuwa kutoa gesi iliyojazwa kwenye vijibomba vya kioo na kupelekwa hospitalini kutibu saratani. Kwa utafiti, karibu hakikubaki kitu.

Umaskini huo alijitakia mwenyewe, kwa maana njema ya neno hilo. Baada ya kuigundua radiamu mwaka 1898 na kuichuja kutoka katika tani za mabaki ya madini kwenye banda lililovuja, yeye na Pierre waliamua kutosajili hataza. Njia yote ya kuitengeneza waliichapisha, kila anayetaka aitumie. Wenye viwanda wa Ulaya na Marekani waliitumia, na baadhi wakatajirika.

Alizaliwa Novemba 7, 1867 mjini Warsaw kwa jina la Maria Skłodowska, wakati Poland haikuwamo kwenye ramani. Mji ulitawaliwa na Urusi na chuo kikuu chake hakikupokea wanawake. Yeye na dada yake Bronia wakawekeana ahadi: Maria, aliyekuwa mdogo, aende kufundisha watoto kwenye nyumba za wenye nacho, na mshahara wake umsaidie dada kusomea udaktari Paris. Dada akishasimama, amvute mdogo wake. Ni mpango ambao familia nyingi za Afrika Mashariki zinaufahamu vizuri. Mwaka 1891 zamu ya Maria ikafika, akapanda treni kwenda Ufaransa.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi: ndoa na Pierre mwaka 1895, Nobel ya fizikia mwaka 1903, kifo cha Pierre aliyegongwa na gari la farasi Aprili 1906, na Nobel ya pili, ya kemia, mwaka 1911 akiwa mjane mwenye mabinti wawili. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alipeleka magari yenye mashine za eksirei karibu na uwanja wa vita, na mengine aliyaendesha mwenyewe.

Mlango wa michango ulifunguliwa na mwandishi wa habari. Mwaka 1920, Marie Meloney, mhariri wa jarida la wanawake la Marekani lililoitwa The Delineator, alimhoji Curie Paris na kumuuliza angependa kupata nini kuliko vyote. Jibu lilikuwa gramu moja ya radiamu. Meloney alirudi nyumbani akiwa na hesabu nyepesi: wanawake matajiri 10, kila mmoja Dola 10,000. Hesabu haikutimia, kwa kuwa waliojitokeza walikuwa wachache mno. Ndipo akawageukia wanawake wa kawaida nchi nzima, vyama vyao na vyuo vyao, na fedha zikaja kidogo kidogo. Haukupita mwaka, lengo likafikiwa.

Mei 20, 1921, Rais Warren Harding alimkabidhi Curie zawadi hiyo katika Ikulu ya Marekani. Radiamu yenyewe haikuwapo kwenye sherehe. Alichopewa ni ufunguo wa sanduku lililowekwa risasi, metali inayozuia mionzi. Picha za siku hiyo zilisambaa. Lakini jambo kubwa zaidi lilitokea usiku wa kuamkia sherehe, bila mpiga picha.

Curie alionyeshwa hati ya zawadi, akaisoma na kukataa kuisubiri hadi asubuhi ilivyoandikwa. Hati ilimpa yeye radiamu. Aliona kwamba akifa, gramu iliyochangwa na umma ingegeuka urithi wa mabinti zake. Alitaka iwe mali ya maabara. Akatafutwa mwanasheria usiku huohuo, hati ikarekebishwa, naye akatia saini. Kwa mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harambee ya hospitali, ukurasa huo mmoja unafaa kukumbukwa kuliko ufunguo na ikulu. Swali la kifaa ni cha nani baada ya wachangaji kuondoka huulizwa mara nyingi wakati tayari kuna ugomvi.

Hospitali aliyoitamani zaidi hata hivyo ilikuwa nyumbani. Poland ilikuwa imepata tena uhuru wake mwaka 1918, na Curie alitaka Warsaw iwe na taasisi ya radiamu ya utafiti na tiba ya saratani. Aliyebeba mzigo wa kila siku alikuwa Bronia, dada yuleyule wa ahadi ya ujana, sasa daktari mwenye umri mkubwa. Wananchi waliombwa wanunue tofali moja moja la jengo, na Curie akatoa maneno ya kuhimiza kwa mwandiko wake, yakachapwa kwenye kadi na kusambazwa. Mwaka 1925 alikwenda kuweka jiwe la msingi.

Kuta zikapanda, lakini radiamu haikuwapo. Matofali yanaweza kununuliwa na mtu wa kipato cha chini. Gramu ya radiamu haigawanyiki hivyo. Wagonjwa wa Uganda wanaujua uchungu wa aina hii. Mashine pekee ya tiba ya mionzi nchini humo, ya Hospitali ya Mulago, iliharibika kabisa Aprili 2016, na mpya ikaanza kazi Januari 2018. Katikati hapo waliokuwa na uwezo walisafiri, wengine walisubiri.

Curie, ambaye macho yake yalikuwa yamefanyiwa upasuaji zaidi ya mara moja na ambaye hakupenda kabisa mapokezi na hotuba, alimwendea tena Meloney. Oktoba 1929 akawa Marekani kwa mara ya pili. Rais Herbert Hoover alimkabidhi hundi ya Dola 50,000 wiki ileile ambayo soko la hisa la New York liliporomoka. Fedha zilikuwa zimekusanywa mapema. Miezi michache baadaye pengine zisingepatikana.

Dola 50,000 zilitosha kwa gramu moja kwa sababu bei ilikuwa imeshuka, na sababu ya kushuka ilikuwa Katanga. Madini ya urani ya Shinkolobwe, karibu na mji wa Likasi, yaligunduliwa mwaka 1915 na kuanza kuchimbwa mwaka 1921 na kampuni ya Union Minière. Mwishoni mwa 1922 kiwanda cha Olen nchini Ubelgiji kikaanza kutoa radiamu kutokana na mawe hayo. Yalikuwa na utajiri mkubwa kiasi kwamba migodi ya Colorado, iliyolisha soko hadi wakati huo, ilishindwa kushindana. Wakongo waliochimba na kuchambua mawe hayo kwa mikono hawakuhesabiwa popote miongoni mwa wachangaji, ingawa bila jasho lao Warsaw ingehitaji mara mbili ya fedha hizo.

Taasisi ilifunguliwa Mei 29, 1932, dada wote wawili wakiwapo. Hiyo ndiyo mara ya mwisho Curie kuiona Poland. Alifariki Julai 4, 1934 kwa ugonjwa wa uboho kushindwa kutengeneza damu, matokeo ya miaka mingi ya kushika bila kinga kitu kilekile alichowatafutia wagonjwa.  Daftari zake bado zinatoa mionzi.

Agosti 1944, wakati wa uasi wa Warsaw, askari waliokuwa upande wa Ujerumani waliivamia hospitali ya Mtaa wa Wawelska na kuua wagonjwa vitandani. Baada ya vita ilijengwa upya. Sasa ni sehemu ya taasisi ya taifa ya saratani ya Poland, inayoitwa kwa jina la Maria Skłodowska-Curie, na bado inatibu kwa mionzi.